Paipu ya Petroli Iliyooza: Kiraka, Shaba au Chuma?

Harufu ndiyo iliyotangulia. Tulikuwa tunatoka Kisii mjini jioni ya mvua, madirisha yamefungwa, mke wangu akasema gari linanuka kama kituo cha mafuta. Nikamwambia ni lori lililo mbele yetu. Lori likakata kona, harufu ikabaki.

Kesho yake asubuhi, nyumbani Kiogoro, nilitandika gunia nikajilaza chali mvunguni mwa gari. Kwenye udongo mwekundu palikuwa na doa jeusi lenye ukubwa wa kisahani. Juu yake zinapita paipu tatu za chuma: moja inapeleka petroli kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini, ya pili inarudisha ile isiyotumika, na ya tatu, nyembamba, ni ya mvuke. Ile ya kwanza, mahali inapopinda kuukwepa mhimili wa magurudumu ya nyuma, ilikuwa imevimba na kupasukapasuka kama ganda la mti mzee. Niliigusa kwa ukucha tu. Gamba likabanduka, likaniangukia shavuni, na pale lilipotoka tone likajikusanya taratibu, likaning'inia, likadondoka. Kisha jingine.

Gari ni Toyota Corolla ya 1997, ile tunayoiita 110. Magari ya umri huo bado ni mengi hapa Gusii, yanabeba walimu, ndizi, mbolea na wagonjwa, na wenyewe hatuna mpango wa kuyaacha. Nilipoanza kuuliza gharama ya kutengeneza nilitajiwa bei kuanzia shilingi 50 hadi 23,000, kwa tundu lisilopitisha hata sindano ya cherehani. Bei ninazotaja hapa ni zile nilizolipa au nilizotajiwa mwenyewe mwaka 2025. Dukani kwenu zinaweza kupanda au kushuka kidogo, ila tofauti kati ya chaguo moja na jingine haitasogea sana.

Kwanza, gharama ya kutofanya lolote. Gari langu lilikuwa linakwenda kilomita 13 kwa lita. Nilijaza tangi, nikaandika kilomita, nikakuta limeshuka hadi 11. Mimi huendesha kama kilomita 180 kwa wiki, hivyo karibu lita mbili na nusu kila wiki zilikuwa zinaishia barabarani. Wakati huo lita moja ilikuwa inakaribia shilingi 185. Hiyo ni takribani shilingi 460 kwa wiki, zaidi ya 1,800 kwa mwezi. Anayesema hana pesa za kutengeneza paipu tayari anazilipa, ila anazilipa udongoni.

Watu wengi hudhani kutu ni maradhi ya magari ya Mombasa, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Sisi tuko milimani, lakini mvua ya Kisii hupita milimita 1,500 kwa mwaka na haina msimu mrefu wa kutuacha tukauke. Tope letu jekundu hujishindilia nyuma ya klipu za plastiki zinazoshikilia paipu kwenye sakafu ya gari, likakaa na unyevu wake wiki baada ya wiki. Ukitazama paipu iliyooza utaona kwamba sehemu iliyo wazi mara nyingi ni nzima, na iliyojificha chini ya klipu ndiyo iliyoliwa. Zaidi ya hayo, baadhi ya magari yetu huja na kutu yake. Kule kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji ili zisigande, na chumvi hiyo hurukia mvungu. Kenya inaruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika hadi miaka minane tangu kusajiliwa, kwa hiyo linaweza kushuka bandarini likiwa na misimu minane ya chumvi tumboni. Anayenunua gari na ainame achungulie chini kabla ya kusifu viti.

Nilianza kuuliza. Dereva mmoja wa Probox alinipa ushauri wa shilingi 50: sugua kipande cha sabuni ya kufulia penye tundu, kisha funga kwa ukanda wa tyubu. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, kwa hiyo huziba kweli, na tangi linalodondoka polepole linaweza kukufikisha gereji. Kwenye paipu inayosukumwa na pampu haidumu. Na mpira wa tyubu ukilowa petroli hulainika kama mkate uliotiwa kwenye chai. Gundi ngumu za kuchanganya nazo nilizifikiria, lakini hazishiki penye unyevu wa petroli, na pembeni ya tundu moja la kutu huwa kuna mengine yanayosubiri zamu.

Kisha fundi mmoja alitaja shilingi 1,210 na kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Alikata kipande kibovu chenye urefu wa mkono, akaweka hosi nyeusi ya petroli badala yake. Hosi mita moja shilingi 250, klipu nne za kukaza kwa bisibisi 160, kazi yake 800. Nililipa nikaondoka nimeridhika.

Hosi ile iliishi wiki saba. Siku hiyo nilikuwa napanda kilima na magunia mawili ya mbolea, mtoto wangu ameketi mbele. Gari likaanza kuishiwa nguvu kana kwamba limekosa mafuta. Kijana wa bodaboda akatupita, akageuka, akanyoosha mkono akipiga kelele: "Tata, zima! Zima gari!" Nilizima. Tulipotoka, petroli ilikuwa imelowesha mvungu wote wa nyuma na bado inachuruzika, shubiri chache tu kutoka kwenye bomba la moshi, ambalo lilikuwa la moto kwa kupanda kilima. Mtoto nilimpeleka ng'ambo ya barabara. Magoti yalinitetemeka. Anayesafiri kutoka Kisii kwenda Nairobi kupitia Kericho hupita Sachangwan, ambako tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lililopinduka lilishika moto na kuua zaidi ya watu 100. Ni tukio la ukubwa mwingine kabisa, lakini petroli ni ile ile.

Nilipoichunguza hosi nilikuta imepasuka kwa urefu. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo lingeniokolea pesa zote hizo, na ambalo hakuna aliyeniuliza siku nilipolipa 1,210: gari langu si la kabureta.

Sote tunaijua presha ya tairi. Kwenye kituo cha mafuta tunamwambia kijana aweke 30, au 32 tukiwa na mzigo. Sasa chukua kipimo hicho hicho. Pampu ya gari la kabureta, kama zile Datsun na Corolla za zamani, husukuma petroli kwa presha ya kati ya 3 na 6 hivi. Gari la injini ya sindano, na magari mengi ya petroli yaliyoingia nchini tangu miaka ya tisini ni ya aina hiyo, husukuma kwa 40 na kitu. Maana yake paipu nyembamba kama kidole kidogo inabeba presha kuliko tairi lako, na ndani yake si hewa. Hosi niliyofungiwa ilitengenezwa kwa ajili ya kabureta. Kwa kabureta ingefaa, na ningemsifu fundi yule kwa bei yake nzuri.

Tofauti huandikwa ubavuni mwa hosi yenyewe. Hosi ya presha ndogo huwa na alama ya R6 au R7. Ya sindano huandikwa R9. Dukani Kisii mita moja ya R9 nilitajiwa shilingi 900, zaidi ya mara tatu ya ile nyingine, na muuzaji wa kwanza alijaribu kunishawishi kwamba ni kitu kimoja. Hosi isiyo na maandishi yoyote iache hapo hapo kaunta. Klipu nazo si sawa. Zile zenye matundu, zinazokazwa kwa bisibisi, hukata ngozi ya hosi zikizidishwa. Za sindano ni bapa, kingo zake zimekunjwa, zinabana mzunguko wote kwa nguvu moja. Shilingi 40 dhidi ya 100. Kwa klipu nne tofauti ni shilingi 240, na sijui sehemu nyingine ya gari ambapo shilingi 240 zinanunua usingizi mzuri namna hiyo.

Basi nikarudi kuuliza upya, safari hii nikijua ninachotafuta.

Fundi mmoja alipendekeza paipu ya shaba, ile ya mafriji. Inapatikana kila mahali, inapindika kwa mkono, haioti kutu, na mita moja na nusu ingenigharimu 525. Pamoja na hosi na kazi, kama 2,500. Inashawishi, na nimeona magari mengi yamefungwa hivyo. Lakini shaba tupu ikitikiswa kila siku kwenye barabara za murram hukakamaa, halafu hupasuka ghafla, mara nyingi pale ilipopindwa. Tena shaba huiharibu petroli iliyolala ndani yake, ikaanza kutengeneza utandu unaonata. Kuna aina nyingine, shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo haina ila hizo na ni nzuri sana, ila sikuipata Kisii. Usikubali moja kwa jina la nyingine: ya mafriji ni nyekundu, ya nikeli rangi yake imefifia kuelekea fedha.

Mwingine aliniambia niende kwa wanaovunja magari nitoe paipu nzima ya Corolla nyingine. Paipu 3,500, kazi 4,000 kwa sababu lazima tangi lishushwe, jumla 7,500. Ukipata iliyo safi ni kazi nzuri, kwa kuwa mikunjo yote ni ya kiwandani. Nilionyeshwa mbili. Zote zilikuwa na umri sawa na yangu, na moja ilikuwa na uvimbe ule ule mahali pale pale. Kununua kutu ya mtu mwingine kwa 3,500 sikuweza. Paipu mpya halisi ya kuagiza nilitajiwa 18,000 na kufunga 5,000, nisubiri kama wiki tatu. Kama kutu imekula paipu kuanzia tangini hadi mbele, hiyo ndiyo njia, na gari lenye mwili mzima linastahili. Langu lilikuwa limeoza mita moja na nusu tu.

Kilichobaki ni njia ya katikati, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye gari la sindano ambalo ubovu wake uko sehemu moja: kata hadi ufikie chuma kizima pande zote mbili, weka paipu mpya ya chuma ya milimita 8, na tumia hosi ya R9 kwenye viungo tu, kipande kifupi kila upande. Hapo hosi haipindi, haining'inii, haisuguani na kitu. Paipu ya chuma sikuipata kwa urefu niliotaka. Iliagizwa kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, ikaja kama kifurushi kwenye matatu kwa shilingi 300. Paipu 900, nusu mita ya hosi 450, klipu 400. Vifaa vyote 2,050. Kazi kwenye gereji nilitajiwa 2,000. Jumla 4,050, ambayo kwa hesabu yangu ya petroli iliyokuwa inamwagika inajirudisha ndani ya miezi miwili na siku kadhaa.

Hapo ndipo swali la nyumbani linapokuja. Je, hizo 2,000 za kazi unaweza kuzibakiza mfukoni?

Nilipiga hesabu ya zana. Kikata paipu kidogo 700. Kifaa cha kupanua mdomo wa paipu 2,500, na hicho si cha kukwepa: mwisho wa paipu lazima utengenezewe mdomo ulioinuka kidogo ili hosi ikikazwa isichomoke. Paipu iliyokatwa wima na kuachwa laini itateleza siku moja. Stendi mbili za kuegemeza gari 3,500. Mtungi mdogo wa poda wa kuzima moto 2,000. Jumla 8,700, ili kuokoa 2,000. Kama mko majirani wanne wenye magari ya zamani na mnaweza kuchanga, zana hizo zitajilipa. Mtu mmoja, kwa kazi moja, anapoteza.

Lakini nilipomsikiliza fundi wa gereji akieleza atakavyofanya, niliona kwamba nusu ya kazi si ufundi. Ni kukwangua tope, kulowesha nati zilizoganda na kusubiri, kushusha mafuta kwenye tangi, kufungua klipu za plastiki bila kuzivunja. Hiyo naiweza. Nilimwambia fundi: "Kijana wangu, mimi nitaandaa, wewe uje nyumbani na zana zako ukate na kuunga." Tukakubaliana 1,200.

Petroli ya tangini niliipunguza, zikabaki lita chache. Kwenye nati nilipulizia mafuta ya kulegeza kutu jioni mbili mfululizo. Kupata mahali pa kuliinulia ndiko kulikonisumbua kuliko yote, maana boma zetu ziko kwenye miteremko, na gari lililoinuliwa kwenye mteremko linaweza kuondoka juu ya jeki bila kukuaga. Nililipeleka kwa jirani ambaye ua wake umesawazishwa. Stendi aliniazima fundi, nasi tukaongeza magogo mafupi ya mkaratusi chini ya magurudumu. Matofali ya kuchoma usiyaweke kamwe chini ya gari unalolala mvunguni mwake, wala jiwe la Tabaka. Lile tunalichonga vinyago kwa sababu ni laini, na matofali hupasuka bila kutoa onyo.

Asubuhi ya kazi, kabla fundi hajafika, nilichomoa fyuzi ya pampu ya petroli, nikawasha injini ikaunguruma kidogo na kufa yenyewe. Hiyo huondoa presha iliyobaki ndani ya paipu; bila hivyo utakapolegeza nati ya kwanza petroli itakurukia machoni. Kisha nikaondoa waya wa hasi kwenye betri. Jiko la jirani lilikuwa linawaka jikoni kwake, tukamwomba alizime, naye akakubali bila kuudhika. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali kuliko yoyote tutakayoiona hapa, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hautapaa uondoke, utatambaa chini ukifuata mteremko hadi ukutane na kaa. Ndiyo sababu pia hatukufanya kazi ndani ya banda, na ndiyo sababu yeyote anayekuambia atachomelea paipu kwa gesi tangi likiwa bado kwenye gari, mshukuru na ukae mbali naye.

Fundi alifika saa nne. Alikwangua kwa kisu kutoka penye tundu kwenda pande zote mbili mpaka chuma kikang'aa, akasonga mbele nusu shubiri zaidi, ndipo akakata. Hakutumia msumeno, kwa sababu unga wake ungeingia kwenye paipu. Kikata paipu alikizungusha polepole, akikaza kidogo kila mzunguko. Akatengeneza mdomo kwenye ncha zote nne, akapitisha kidole ukingoni kuhakikisha hakuna makali. Paipu mpya aliikunja kwa kuizungushia kopo la rangi, akaipima kwenye ile ya zamani, akaikunja tena. Saa saba kasoro alikuwa amemaliza. Tulirudisha fyuzi na waya wa betri, tukaiacha pampu ijaze paipu, mimi nikiwa chini na tochi. Hakuna kilichotoka.

Wenye magari mengine, maneno machache. Probox nyingi hazina paipu ya kurudisha, na viungo vyake ni vya kubonyeza vya plastiki. Usikubali vikatwe na kufungwa hosi na klipu, tafuta kiungo chenyewe. Gari la dizeli likitoboka upande wa kuvuta halitoi tone, linaingiza hewa, nawe utahangaika na betri na plagi za joto kwa sababu haliwaki asubuhi, kumbe ni kutu.

Nimetumia 3,250 kwa ukarabati huu wa pili. Ukijumlisha 1,210 za ule wa kwanza, kiraka kile cha bei nafuu kilinifikisha 4,460, zaidi ya ambavyo gereji ingenitoza tangu mwanzo kwa kazi iliyo sawa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitandika kipande cha katoni chini ya gari kila usiku. Asubuhi hukipindua na kukinusa. Wiki ya tatu sasa, ni kikavu. Ila wakati tukikwangua tope tuliona kwamba paipu ya pili, ile ya kurudisha, nayo imeanza kuvimba chini ya klipu ya mbele. Nimeshauliza. Kwenye gari langu presha ya upande huo ni ndogo, kwa hiyo hosi ya R7 inatosha, na fundi amesema shilingi 700 pamoja na kazi, Jumamosi ijayo, kabla haijaanza kudondoka.